Dhahabu Iliyokaa Juu ya Kutu

Kwanza tuelewane kuhusu neno kustaafu. Nina miaka thelathini na tisa. Kwa ofisi ya utumishi sijastaafu, nimeacha kazi, na kwenye fomu yao kisanduku pekee kilichonifaa kilikuwa "sababu nyinginezo". Lakini nimekaa miaka kumi na mitatu katika chumba kisicho na dirisha, kwenye mji ambao jua ndicho kitu pekee kisichokatika, na nimeona macho niliyobakiwa nayo niyatumie nje. Nakwenda Chemba kwa dada yangu, kulima alizeti. Anayetaka kuniita mkulima na aniite. Mimi nasema nimestaafu hadubini.

Siku niliyokabidhi funguo, vijana wa maabara waliniambia, "Kaka Daudi, andika basi." Nikawauliza kwa nini. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, maana miaka yote hiyo jina langu pale lilikuwa Bwana Kwa Nini. Hawakunijibu, nami nimeandika hivyo hivyo. Nani alipanda daraja lini na kwa mshahara gani, hayo yamo kwenye mafaili na yanachosha. Naandika yale ambayo faili halina.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hata mama yangu hakuielewa. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupiga picha Dodoma mjini, safari iliyofuata nilimkuta uani amevaa kitenge kipya, amekaa wima kwenye kiti, ananisubiri nimpige. Ikabidi nimweleze kwamba mashine yenyewe ni ndefu kuliko mlango, haibebeki, na inapiga vitu vidogo tu.

"Vidogo kama nini?"

"Chukua unywele wako, mama, uupasue mpaka uchoke. Halafu uendelee."

Akanitazama kwa huruma. "Na wamekupa kazi hiyo wakijua una digrii?"

Hadubini ya kawaida hutumia mwanga. Yetu hutumia miali ya elektroni, na kwa miali hiyo unaweza kuona atomi za metali moja moja. Tulichochunguza zaidi ni vichocheo, yaani metali zinazoharakisha mmenyuko wa kemikali bila zenyewe kuliwa. Wanafunzi wakija nilikuwa nawaambia kichocheo ni mshenga. Anakutanisha pande mbili, ndoa inafungwa, watu wanakula pilau, na yeye anabaki mshenga, kesho anakwenda kuposa kwingine. Swali letu lilikuwa moja: huyu mshenga amekaa wapi, na yuko peke yake au na kundi?

Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyong'arishwa. Mlangoni alisimama mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda.

"Vizuri sana," akasema. "Vua."

Huyo ndiye Fundi Kanti, aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua, pamoja na kitu kimoja nilichokataa kujifunza. Alizaliwa Dodoma, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na studio ya picha mjini, na alikuwa amepiga pasipoti na harusi za nusu ya mji huu kabla simu hazijamnyang'anya kazi. Maabara ilimwajiri kutunza vifaa. Hadubini ilipokuja, nayo ikiwa imetumika nje kama magari yetu mengi, alipelekwa miezi mitatu kujifunza kuiendesha. Hakuwa na digrii hata moja. Mimi nilikuwa nazo mbili na niliona hiyo ni kasoro yake.

"Ndani ya mnara huu hakuna hewa," aliniambia, akigusa mashine kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Nimeitoa kwa siku nne. Chembe moja ya vumbi la Dodoma ikiingia, naitoa tena kwa siku nne. Sasa unajua kwa nini kandambili ziko mlangoni."

Miezi miwili ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa usukani. Nilipiga deki kwa kitambaa kibichi, nikajifunza kusikiliza pampu. Fundi Kanti aliweza kukwambia pampu inataka mafuta kwa kuweka kiganja juu yake, na nilipomwomba anionyeshe kipimo alichokuwa anakisoma, alininyoshea kiganja. Nilijifunza pia kuandaa sampuli. Unasaga unga wa kichocheo kwenye kinu kidogo kinachoenea mkononi, unautia kwenye spiriti safi, unatikisa, unadondosha tone moja juu ya kiwavu. Kiwavu ni kisahani cha shaba chenye matundu, chembamba kama karatasi, kidogo kuliko punje ya mtama ulioiva vizuri. Unakishika kwa kibano, ukingoni tu, na hupigi chafya. Nimepoteza viwavu vingi kwa chafya. Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma unapochachamaa, vipoteze vitatu kwa siku na usijilaumu.

Wiki ya kwanza niliyopewa usukani, niligundua shaba. Sampuli ilikuwa ya platini, aliyeileta hakutaja shaba popote, na kifaa chetu cha kutambua metali kilionyesha shaba tele. Nilitoka mbio hadi uani ambako Fundi Kanti alikuwa anakunywa chai.

"Mzee, kuna shaba! Wametudanganya!"

"Hee. Nyingi?"

"Nyingi sana."

Akanywa funda. "Na kile kiwavu kimetengenezwa kwa kitu gani?"

Nilisimama pale na kandambili zangu.

"Hongera, baba," akasema. "Umegundua kiwavu."

Kila mgeni hugundua kiwavu mara moja. Ukisikia mtu anatangaza shaba, mpe chai kwanza.

Shida kubwa zaidi ya mwaka ule ilikuwa mtikisiko. Atomi ni ndogo kiasi kwamba mtu akifunga mlango chumba cha tatu, kwenye skrini linakuwa tetemeko. Picha zetu zilikuwa na mawimbi, na hatukujua yanatoka wapi. Nilishuku umeme, nilishuku malori, nilishuku reli. Mwishowe niliweka beseni la maji sakafuni, nikalitazama kutwa nzima na saa mkononi. Maji yalikuwa yanatetemeka kuanzia saa mbili asubuhi, yanatulia kidogo, yanaanza tena. Nikatoka nje nikaifuata mitaa ya Chang'ombe kwa miguu, nikisimama kila kona kusikiliza, mpaka nikaikuta: mashine ya kusaga nafaka, nyuma ya kuta tatu kutoka kwetu, na mwenyewe mweupe kwa unga kuanzia kofia hadi malapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mahindi au mtama?"

"Sina nafaka, mzee. Nimekuja kuuliza huwa unazima saa ngapi."

Akanipima kwa macho. "Wewe ni wa mazingira au wa kodi?"

Ilinichukua nusu saa na soda mbili kumshawishi kwamba mimi ni jirani tu, mwenye mashine nyeti. Jina lake Mzee Swalehe, Mrangi wa Kondoa, na jibu lake liliiongoza maabara yetu kwa miaka yote iliyofuata. "Siku nyingine nasaga mpaka foleni iishe. Lakini Ijumaa saa sita nazima, naoga, nakwenda msikitini. Saa nane juu ya alama nawasha."

Tangu hapo picha zetu bora zote zimepigwa Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana. Wageni wa vyuo vingine walipouliza siri ya picha zetu tuliwaambia, na hawakutuamini.

Sasa nifike kwenye kile nilichokataa kujifunza. Fundi Kanti alikuwa na tabia moja. Akishapata sehemu nzuri ya sampuli, hakulenga hapo. Alisogeza hadubini pembeni kidogo, akarekebisha lenzi huko pembeni kwa dakika kadhaa mpaka picha ikawa kali, halafu akarudi pale pazuri, akapiga picha moja na kuondoka. Mwenyewe aliita kupiga hodi kwa jirani.

"Kwa nini, Mzee?"

"Studio nilijifunza hivi. Mtu ukimkodolea lenzi usoni huku unahangaika kulenga, anajikaza, uso unakuwa wa mbao. Mimi nilikuwa nalenga kwenye ua lililo mezani. Yeye anajua bado. Halafu, pa!"

"Lakini atomi hazina haya, Mzee."

"Umeziuliza?"

Nilicheka, na moyoni niliuweka utaratibu ule kwenye kundi la mambo ya wazee. Nilikuwa kijana wa kuhoji kila kitu, na nilikuwa na kanuni: jambo lisilo na sababu ya maana, liache. Sababu yake niliipima nikaiona haina maana. Haikunipitia kichwani kwamba sababu inaweza kuwa mbovu na jambo lenyewe likawa zima. Nilipoanza kupiga picha peke yangu nililenga palepale nilipotaka kupiga, kama mtu mwenye akili zake, na niliokoa muda wa kwenda na kurudi kila picha.

Mwaka wangu wa saba alikuja Neema. Alikuwa mkemia, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Gulwe, anasomea shahada ya uzamivu, na alitembea kana kwamba treni inamwacha. Alikuwa anatengeneza kichocheo cha kuondoa ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa. Miaka ya nyuma shangazi yake alizimia jikoni akichemsha maharage, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Alipona, na mpaka leo anayalaumu maharage. Neema aliilaumu hewa.

"Ni dhahabu juu ya kutu," alinieleza, akinionyesha kichupa cha unga mwekundu kama udongo wa njia ya kwao.

"Dhahabu haimenyuki na kitu. Ndiyo maana watu wanaivaa."

"Ikiwa pete, haimenyuki. Ukiitawanya atomi moja moja juu ya kutu safi, inachangamka. Inaikutanisha ile hewa ya sumu na oksijeni, inatoka hewa ya kawaida tunayoipumua nje."

"Umejuaje kwamba zimekaa moja moja?"

"Sijui. Ndiyo nimekuja kwako. Si nasikia nyinyi Wasandawe mnawinda hadi visivyoonekana?"

Sampuli mpya, zile ambazo hazijatumika, alizipiga Fundi Kanti. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajastaafu kihalali, kwa umri na keki. Picha zilitoka nzuri mno: kutu ya kijivu kwenye skrini, na juu yake nukta nyeupe, kila moja peke yake kama nyota za Buigiri umeme ukikatika. Nilikuwa na njia yangu ya kuhakikisha kwamba nukta si uchafu wa mashine. Unapiga picha mbili mfululizo. Uchafu haujirudii mahali pale pale, atomi hujirudia. Zilijirudia. Neema alishangilia mpaka tukamtoa nje kwa sababu ya mtikisiko.

Tatizo ni kwamba kichocheo chake kilifanya kazi vizuri kwa siku kumi, kisha kikadorora, kisha kikafa. Kila mara. Na jiko la siku kumi hakuna mama atakayelitaka. Kwa hiyo alileta sampuli zilizokwisha kufa, na hizo nilizipiga mimi. Zilionyesha madonge. Nukta hazikuwa zimetawanyika tena, zilikuwa zimekusanyana kumi, ishirini, pamoja. Ilieleweka mara moja: washenga wameacha kwenda kuposa, wamekaa kikao chao wenyewe. Tulikubaliana kwamba dhahabu inatembea, inajikusanya, ndipo kichocheo kinakufa. Neema aliandika sura ya nne ya tasnifu yake yote juu ya picha zangu. Sura hiyo ndiyo iliyobeba hitimisho: kichocheo cha aina hii hakiwezi kudumu. Alihuzunika, lakini alikuwa na jibu, na tarehe ya kutetea tasnifu ikapangwa.

Zikabaki wiki nne. Ijumaa moja nilikuwa namalizia picha mbili tatu za ziada alizoziomba, na nilichelewa kwa sababu umeme uliyumba. Saa ikasoma saa nane kasoro dakika mbili. Mzee Swalehe hajawahi kuchelewa hata siku moja. Sikuwa na muda wa kulenga upya, basi nikasogeza sampuli pembeni, mahali ambapo miali haijawahi kufika, nikapiga picha moja bila kugusa lenzi. Sakafu ikaanza kuguna.

Nikaiangalia ile picha. Nukta moja moja, zimetawanyika.

Nilidhani nimechanganya sampuli. Nikasoma lebo mara tatu. Ilikuwa iliyokufa. Nikarudia palepale, nikaacha miali imwagike dakika tano kama nilivyozoea ninapolenga, sikujali mashine ya kusaga wala mawimbi, nikapiga tena. Picha ilitetemeka lakini ilionekana vya kutosha. Madonge.

Wenzangu, naomba mkae na picha hizo mbili kama mimi nilivyokaa. Dhahabu haikujikusanya kwenye jiko la Neema. Ilijikusanya kwenye hadubini yangu. Miali ya elektroni ina nguvu, ikimwagika mahali pamoja inazisukuma atomi mpaka zinashikana. Sampuli mpya zilionekana nzima kwa sababu zilipigwa na mzee aliyepiga hodi kwa jirani. Zilizokufa zilionekana zimejikusanya kwa sababu zilipigwa na mimi. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa inalinganisha tabia ya Fundi Kanti na tabia yangu.

Na hakuna aliyejua. Hilo nalo nilikaa nalo. Wasahihishaji wasingeweza kugundua, picha zilikuwa safi, na maelezo yalieleweka vizuri kuliko ukweli wowote niliokuwa nao. Nikinyamaza, Neema anakuwa daktari baada ya wiki nne. Nikisema, huenda asiwe. Nilikunywa chai mbili ambazo sikuzihitaji, kisha nikaenda kumtafuta.

Alikuwa uani anakula chipsi mayai. Nilimwekea picha mbili mezani, nikamweleza. Aliendelea kutafuna taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Sura ya nne yote," akasema.

"Yote."

"Daudi, miezi kumi na moja! Kila kitu unauliza kwa nini. Chai ikiwa ya moto unauliza kwa nini. Hili hukuuliza?"

"Niliuliza. Nilijibiwa. Sikulipenda jibu."

Akasukuma sahani. Macho yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ya msimamizi wa stesheni. "Haya. Kuna Ijumaa ngapi kabla ya siku yangu?"

"Tatu."

"Zote tatu ni zangu. Na wewe nenda kamwombe yule mzee radhi, maana mimi sina nafasi ya kukusamehe wiki hii."

Nilimkuta Fundi Kanti dukani kwa mdogo wake, amekaa nyuma ya marobota ya vitambaa, anarekebisha redio ambayo haikuwa mbovu. Nikamwamkia, nikamweleza tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwomba radhi.

"Kwa hiyo zina haya," akasema.

"Hazina haya, Mzee. Ni nishati ya miali, inazigonga atomi na..."

"Baba. Ukizitazama sana zinajikunyata?"

"...Ndiyo."

"Basi." Akarudi kwenye redio, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilipokuwa natoka aliniita. "Hata mimi nina kosa. Nilikupa sababu ya studio kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Ningesema sijui, ungeichunguza."

Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko jambo lolote nililosoma chuoni.

Ijumaa tatu tulizifanya hivi. Neema aliandaa viwavu tangu asubuhi. Saa sita Mzee Swalehe alizima. Mimi nilipiga hodi kwa jirani, nikarudi, picha moja, nikasogea, hodi, picha moja, na saa nane tukasimama. Sikupiga mahali pamoja mara mbili isipokuwa mwisho kabisa, kuhakikisha nukta ni nukta. Sampuli tisa zilizokufa, zote tisa dhahabu ilikuwa imekaa moja moja pale pale ilipowekwa. Chache zilikuwa mbili mbili, na tuliandika hivyo.

Furaha yangu ilidumu dakika tatu, kwa sababu Neema aliuliza swali langu kabla yangu.

"Kama washenga wako nyumbani, kwa nini hawaendi kuposa?"

"Labda wamefungiwa mlango."

"Na nani?"

Hadubini yetu haikuweza kujibu hilo. Neema aliondoka akinung'unika peke yake, na siku mbili baadaye alirudi na wazo la kawaida kabisa. Ile hewa ya kawaida inayotokana na kazi ya kichocheo haitoki yote. Nyingine inang'ang'ania kwenye kutu, inajipanga tabaka kama ukoko wa chumvi kwenye birika la maji ya kisima, mpaka nafasi inakwisha. Kama ni hivyo, kichocheo hakijafa, kimechafuka. Na kilichochafuka husafishwa.

Jumatano mchana, siku chache kabla ya siku yake, tulikaa mbele ya bomba lake la majaribio. Upande mmoja inaingia hewa ya sumu kidogo, katikati kuna unga mwekundu, upande wa pili kuna kipimo. Kwa unga uliokufa, kilichoingia ndicho kilichotoka, namba haikujali. Akaufunga ule mkondo, akautia unga huo huo kwenye tanuri dogo kwa joto la kuokea mikate, akapitisha hewa kavu juu yake kwa saa mbili. Akaurudisha kwenye bomba, akafungua mkondo.

Namba ilisimama. Kisha ikashuka moja.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Ikashuka tena. Halafu ikaanza kushuka kama mtu anayeteremka mlima Iseke na baiskeli isiyo na breki, mpaka ikafika sifuri na kukaa. Neema aliniangalia, akaniangalia tena, akapiga kigelegele ambacho najua Mzee Swalehe alikisikia juu ya mashine yake, kwa sababu siku iliyofuata aliniuliza nani ameoa.

Alivyofanya na tasnifu yake ndivyo ninavyowaombea mfanye. Mimi nilidhani angeziondoa picha zangu za madonge na kuweka mpya kimya kimya. Hakuziondoa. Aliziweka kurasa mbili zinazotazamana, kushoto madonge, kulia nukta, sampuli ile ile, na chini yake maelezo kwa Kiswahili cha kawaida: hii ya kushoto ni matokeo ya jinsi tulivyotazama; ya kulia tulipiga hodi kwa jirani kwanza. Nilimwambia wasahihishaji watamla mzima. Akasema, "Wataanzia kwako."

Siku ya kutetea, ukumbi ulikuwa mdogo na joto. Nilikaa nyuma. Fundi Kanti alikuja na suti iliyonukia dawa ya nondo, akakaa kando yangu, akalala. Msahihishaji wa nje alikuwa profesa mwenye mvi, mpole wa sauti, wa aina ile inayotisha, na alifungua moja kwa moja kurasa zile mbili. Akazitazama, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Mwanangu," akamwambia Neema, "unaniambia picha hii ni uongo?"

"Hapana, profesa. Picha ni ya kweli. Madonge yalikuwepo. Ila tuliyatengeneza sisi wakati tunalenga."

"Na ungeweza kuiacha isionekane."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuiacha?"

Neema akasita. Nilimwona anatafuta neno zuri, kisha akaliacha. "Kwa sababu nilikaa miezi kumi na moja nikiiamini, profesa. Nilidhani kuna mwingine mahali fulani anaiamini sasa hivi."

Profesa aligeuza ukurasa, akaurudisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. Wenzake wawili wa jopo walianza kuangaliana. Mimi nilimgusa Fundi Kanti aamke, kwa sababu niliona tumekwisha, na sikutaka nishuhudie peke yangu.

Kisha profesa akafungua mkoba wake, akatoa daftari lake dogo la maabara lililochakaa, si lile la alama lililokuwa mbele yake, akatafuta kalamu mifukoni hadi akaazima ya Neema.

"Huyo jirani," akasema, bila kuinua macho, "mnapiga hodi umbali gani?"